Njia za Kuona au Njia za Macho? Istilahi za Ubongo wa Samaki na Maji ya Nyanda za Juu Kusini

1.0 Utangulizi

Katika Wilaya ya Rungwe, mkoani Mbeya, kusini-mashariki ya mji wa Tukuyu, liko ziwa dogo la volkano liitwalo Masoko. Upana wake ni karibu mita 700 na kina chake chazidi mita 30. Wenyeji hulitaja zaidi kwa sababu ya boma la Wajerumani lililojengwa kando yake, na kwa sababu ya visa vya sarafu zinazosemekana zilitoswa humo wakati wa Vita Kuu ya Kwanza. Wanabiolojia hulitaja kwa sababu nyingine kabisa. Mwaka 2015 Milan Malinsky na wenzake, wakiwamo watafiti wa Taasisi ya Utafiti wa Uvuvi Tanzania (TAFIRI), walionyesha katika jarida la Science kwamba samaki waitwao Astatotilapia calliptera wanaoishi katika ziwa hilo wamo katika kugawanyika makundi mawili. Madume wa kundi moja ni wa rangi ya njano nao hukaa katika maji ya kingoni yenye mwanga mwingi. Madume wa kundi la pili ni wa buluu iliyokolea nao hukaa chini, kiasi cha mita 20 na zaidi, ambako nuru ni hafifu mno. Mgawanyiko huo umetukia katika muda wa miaka 500 hadi 1000 tu, muda ambao mwanahistoria wa lahaja za pwani angeuita mfupi. Miongoni mwa jeni zinazotofautiana baina ya makundi hayo imo ile ya rodopsini, protini inayoliwezesha jicho kunasa mwanga hafifu.

Kwa hiyo ziwa moja dogo la Rungwe limekuwa mahali pa kujifunzia jinsi jicho linavyoweza kumwelekeza samaki mmoja juu na mwingine chini. Elimu hiyo imeandikwa kwa Kiingereza. Mtoto aliyezaliwa kando ya ziwa hilo amesoma sayansi ya shule ya msingi kwa Kiswahili, kama ilivyo nchini tangu mwaka 1967, kisha akaingia sekondari na kuanza upya kwa lugha asiyoitawala. Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 2014 ilifungua mlango wa kutumia Kiswahili katika ngazi zote, lakini mlango uliofunguliwa haumsaidii mtu asiye na kitu cha kupitisha. Anayetakiwa kuandaa vitu hivyo ni mwanaisimu pamoja na mwanasayansi, na hapa mwanaisimu hana haki ya kujitenga kwa kisingizio kwamba ubongo wa samaki si somo lake.

Makala hii inadai kwamba istilahi za fani hii zikiundwa kwa kufasiri taswira zilizomo katika Kiingereza na Kilatini, zitamfundisha mwanafunzi jambo lisilo la kweli hata pale ambapo kila neno lake ni Kiswahili fasaha. Istilahi nyingi zinazohitajika zinapaswa kutokana na kitenzi, yaani na kile ambacho kiungo hutenda. Samaki amechaguliwa kwa kuwa ubongo wake umechunguzwa kwa kina katika miaka ya karibuni, na pia kwa kuwa watu wa Kyela, Rungwe na Mtera wanamfahamu.

2.0 Kuona na Macho

Mtafsiri anayekutana na mada hii kwa mara ya kwanza hushawishika kuyaita mapito ya habari kutoka jichoni hadi ubongoni 'njia za kuona'. Istilahi hiyo ni nyepesi, inatamkika, na mwalimu ataielewa mara moja. Kasoro yake ni kwamba inatoa hukumu kabla ya ushahidi.

Tuchukue danio, samaki mdogo wa asili ya Bara Hindi ambaye lava wake ni wangavu kiasi kwamba ubongo wake hai huweza kutazamwa kwa darubini bila kumpasua. Lava huyo ana seli za neva zipatazo 100,000, na mwaka 2013 Misha Ahrens na wenzake walifaulu kurekodi utendaji wa karibu seli zote hizo kwa wakati mmoja. Nyuzi zinazotoka katika retina yake haziendi mahali pamoja. Burrill na Easter walibainisha mwaka 1994 kwamba zinaishia katika maeneo 10. Kubwa kuliko yote ni tektumu, sehemu ya juu ya ubongo wa kati, ambayo inahusika na mambo kama vile kumgeukia mdudu wa kuliwa na kukwepa kivuli kinachokua ghafla. Lakini yapo mengine tisa, na baadhi yake yana kazi ambazo hakuna mzungumzaji wa Kiswahili angeziita kuona.

Mfano ulio wazi ni ule wa samaki katika mkondo. Maji yanapomsukuma nyuma, changarawe za chini huonekana zikienda mbele. Samaki huogelea kuzifuata, na kwa kufanya hivyo hubaki mahali pake. Katika maabara mkondo hauhitajiki: michirizi ikionyeshwa chini ya chombo na kusogezwa mbele, samaki aliye katika maji yaliyotulia huogelea mbele. Habari ya mwendo huo hupita katika pritektumu, eneo lililo mbele ya tektumu, kisha huteremka hadi ubongo wa nyuma na uti wa mgongo, na mkia ukapiga. Hapo jicho limefanya kazi na mwili umejibu. Je, samaki ameona?

Kitenzi 'kuona' katika Kiswahili kina upana ambao wanaistilahi hawajaupa uzito unaostahili. Mtu huona mlima, lakini pia huona njaa, huona baridi, huona haya na huona uchungu. Tena husema 'naona' anapotoa rai. Katika matumizi yote hayo yuko mwenye kuona, na lile analoliona limemfikia yeye mwenyewe. Kiswahili humsema mtu kwamba ana macho lakini haoni, na kauli hiyo haina mgongano wowote wa maana. Lugha imekwisha kutenganisha kazi ya kiungo na tukio linalompata mwenye kiungo. Ukimwita samaki aliyesukumwa na mkondo kuwa 'ameona', unadai zaidi ya yale yaliyothibitishwa na jaribio. Na ukiyaita mapito yote 10 'njia za kuona', umekwisha kumwambia mwanafunzi kwamba mwisho wa kila njia kuna mtazamaji aliyeketi anasubiri. Hakuna mtazamaji huyo. Njia nyingine zinaishia kwenye mkia, nyingine kwenye misuli inayogeuza jicho lenyewe, nyingine karibu na sehemu inayoratibu saa ya mwili.

Kwa sababu hiyo 'njia za macho' ni istilahi bora. Inataja chanzo, ambacho hakina ubishi, na kuacha mwisho wa kila njia uelezwe kwa uchunguzi. Huenda ikapingwa kwamba ni pana mno. Upana huo ndio unaotakiwa, kwa kuwa mapito yenyewe ni mengi na kazi zake ni mbalimbali. Pale itakapothibitika kwamba pito fulani linahusika na utambuzi wa umbo au rangi, hapo litaitwa kwa kazi yake.

Sarufi nayo ina neno la kusema hapa. 'Samaki' huchukua upatanisho wa viumbe hai: samaki amegeuka, samaki wamegeuka. 'Ubongo' huchukua u-, na 'jicho' li-. Mwandishi wa Kiswahili anayefuata mkondo wa Kiingereza huandika sentensi ambamo ubongo huamua, ubongo hukumbuka, ubongo huchagua, na samaki mwenyewe akawa kama gari linaloendeshwa. Sentensi za aina hiyo si makosa ya kisarufi. Hata hivyo, mzungumzaji asiyepitia Kiingereza angesema samaki amegeuka kwa sababu hili na lile limetukia katika ubongo wake, na mtindo huo wa zamani ni sahihi zaidi kisayansi.

3.0 Mpishano, Paa na Ramani

Neva ya jicho la kushoto na ile ya jicho la kulia hukutana chini ya ubongo. Katika binadamu, sehemu ya nyuzi huvuka upande wa pili na sehemu hubaki upande wake. Katika samaki wa mifupa nyuzi zote huvuka: jicho la kushoto lote huhudumiwa na upande wa kulia wa ubongo, na la kulia na upande wa kushoto. Jina la kimataifa la mahali hapo linatokana na umbo la herufi ya Kigiriki ambayo msomaji wa Kiswahili haijui; kwa hiyo mkopo 'kiazma' hauelezi kitu kwake. Wako wanaopendelea 'njia panda'. Ni neno zuri, lakini penye njia panda msafiri husimama achague, na panapo uchaguzi pana wanaokwenda huku na wanaokwenda kule. Nyuzi za neva za samaki hazichagui. 'Makutano' pia hayafai, kwa sababu neva hizi hazichanganyiki. Kila moja hupita na kwenda zake.

Kiswahili kina kitenzi 'kupishana', na kutokana nacho nomino 'mpishano' huundwa kwa kanuni ile ile inayotupa 'mfuatano' kutoka 'kufuatana' na 'mpambano' kutoka 'kupambana'. 'Mpishano wa neva za macho' inasema hasa kinachotukia. Faida yake haiishii hapo. Mwanafunzi aliyeelewa kwamba neva zimepishana atauliza swali linalofuata bila kusukumwa: ikiwa kila upande wa ubongo umepata jicho moja tu, samaki hulinganishaje habari za macho mawili? Swali hilo ndilo ambalo Naumann na wenzake walilishughulikia mwaka 2016. Mkondo ukimsukuma samaki nyuma, macho yote mawili hupata mwendo wa kuelekea mbele. Akizungushwa papo hapo, jicho moja hupata mwendo wa kwenda mbele na jingine wa kwenda nyuma. Hali hizi mbili zinadai majibu tofauti ya mkia, na jicho moja peke yake haliwezi kuzitofautisha. Hivyo katika pritektumu zimo seli zinazopokea habari kutoka upande wa pili na kuziunganisha na za upande wao. Istilahi inayomfikisha mwanafunzi mlangoni mwa swali imefanya kazi ambayo ufafanuzi wa kurasa mbili huenda usiifanye.

Kinyume chake ni tektumu. Neno la Kilatini lina maana ya paa, na mpenzi wa Kiswahili kitupu angetaka kusema 'paa la macho'. Hapana. Anatomia wa kale aliangalia umbo tu, akaona kitu kilichofunika kingine. Kazi ya paa ni kuzuia mvua isiingie. Kazi ya tektumu ni kupokea. Tena 'paa' ni mnyama na ni kitenzi, na mwanafunzi wa Mafinga atakayeambiwa kwamba samaki ana paa kichwani atacheka, na atakuwa na haki. Mkopo ulioandikwa kwa kufuata matamshi ya Kiswahili, 'tektumu', hauna maana yoyote ya awali kwa msomaji, na hapa hiyo ni sifa. Neno tupu hujazwa maana na somo. Neno lenye maana nyingine hulipinga somo. Ndivyo pia ilivyokuwa kwa 'neva', ambayo ilistahili kushika nafasi ya 'mshipa wa fahamu', kwa sababu mshipa tayari ulikuwa umebebeshwa damu, misuli na hata ugonjwa. Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia, iliyotolewa na TUKI mwaka 1990, ilionyesha ujasiri wa namna hiyo, na kazi yoyote inayofuata inapaswa kuanzia pale ilipoishia kamusi hiyo.

Neno gumu zaidi ni 'ramani'. Maandishi ya Kiingereza hutumia neno moja la ramani kwa mambo mawili yaliyo mbalimbali. Kwanza, kuna utaratibu wa tektumu: nukta zilizo jirani katika retina hupeleka nyuzi zake kwenye nukta zilizo jirani katika tektumu, hivi kwamba sura ya dunia iliyo mbele ya jicho hutandazwa upya juu ya ubongo. Utaratibu huo ni imara ajabu. Attardi na Sperry walionyesha mwaka 1963 kwamba neva ya jicho ya samaki ikikatwa, nyuzi zake huota tena na kurudi kwenye maeneo yake ya zamani. Sehemu fulani ya tektumu ikichochewa kwa umeme, macho na mwili hugeukia upande unaolingana na sehemu hiyo. Pili, kuna ujuzi wa mahali: kujua kwamba pango liko ng'ambo ya jiwe lile, hata likiwa halionekani kwa sasa.

Kiswahili kilichukua 'ramani' kutoka Kiajemi kupitia Kiarabu cha mabaharia. Asili yake ni kitabu cha njia, maandiko ambamo nahodha alisoma ni bandari ipi inafuata ipi, alama gani zionekane upande gani, na upepo gani ungojewe. Haikuwa picha. Ilikuwa ujuzi wa mahali uliopangwa kwa ajili ya safari, na baadaye tu ndipo neno likaja kutumika kwa michoro ya nyumba na ya nchi. Kwa hiyo 'ramani' ibaki kwa lile jambo la pili, ambalo kwalo historia ya neno inafaa. Utaratibu wa tektumu uitwe 'mpangilio', au kwa ukamilifu 'mpangilio wa nukta kwa nukta'. Lugha ya Kiingereza imezoea mkanganyiko wake na wataalamu wake wanajua kuukwepa. Hakuna sababu ya kuurithi.

4.0 Kujielekeza

Kwa dhana ya kusafiri huku kiumbe akijua aliko na aendako, maneno yaliyopo ni 'uabiri', 'ubaharia', 'urubani' na, linalotumika zaidi siku hizi, 'urambazaji'. Matatu ya kwanza yana harufu ya chombo. Anayeabiri amepanda, baharia amo ndani, rubani huongoza kitu kisicho yeye. Samaki hana chombo. Yeye ndiye chombo na ndiye nahodha. 'Urambazaji' linaweza kukubaliwa katika ufundi wa meli na ndege. Kwa mnyama, kitenzi 'kujielekeza' kinatosha na kinazidi: mzizi wake ni uelekeo, na kiambishi -ji- kinaonyesha kwamba mtenda na mtendwa ni mmoja.

Wanasaikolojia wa Chuo Kikuu cha Sevilla, Hispania, walitoa mwaka 1994 ushahidi ambao mwanaisimu yeyote wa maana za mahali anapaswa kuujua. Rodríguez, Salas na wenzao waliwafunza samaki wa dhahabu, wale wanaofugwa majumbani, katika chombo chenye mikono minne kama msalaba. Baadhi ya samaki walipata chakula ikiwa watageuka daima upande ule ule wa mwili, popote walipoanzia. Wengine walipata chakula ikiwa watafika mahali pale pale pa chumba, popote walipoanzia, hata kama safari moja iliwataka kugeuka kulia na nyingine kushoto. Makundi yote mawili yalijifunza. Baadaye, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2002, walionyesha kwamba samaki walioumizwa sehemu ya pembeni ya ubongo wa mbele walipoteza ujuzi wa mahali, ilhali ule wa kugeuka kwa kufuata mwili ulibaki. Macho yale yale na alama zile zile vilitumika, ila kulikuwa na namna mbili za kuzitumia, na ubongo uliziweka mahali tofauti.

Tofauti hiyo imo katika Kiswahili tangu zamani. 'Kulia' na 'kushoto' hufuata mwili wa anayesema. Akigeuka, vinageuka naye. 'Kaskazini' na 'kusini' havigeuki, kwa sababu vimefungwa kwenye pepo, kaskazi na kusi, ambazo hazimjali anayesema ameelekea wapi. Ni kweli kwamba pepo hizo ni za pwani, na kwamba hazikupanga maisha ya watu wa Mufindi wala wa Makete. Lakini mtu wa Nyanda za Juu Kusini anazo nguzo zake zisizogeuka. Mtu wa Rungwe hupanda kwenda Tukuyu na kushuka kwenda Kyela, na kauli hiyo ni ya kweli akiwa amesimama, ameketi au amelala kifudifudi. Mlima Rungwe upo juu na Ziwa Nyasa lipo chini, naye yuko kati. Mwalimu akianzia hapo, atafundisha jaribio la Sevilla kwa dakika kumi. Akianzia kwenye mikopo ya istilahi za Kigiriki na Kilatini, atatumia kipindi kizima kufafanua majina na hatafika kwa samaki. Yatosha kusema 'uelekeo wa mwili' na 'uelekeo wa mahali'.

Kwamba hayo si mambo ya maabara tu kunathibitishwa na Ziwa Nyasa lenyewe. Mwaka 1992 Eva Hert alichapisha matokeo ya uchunguzi wake wa mbuna, samaki wa mawe wa ziwa hilo: madume waliotolewa kwenye makazi yao na kuachiwa mbali waliweza kurejea. Haifai hata hivyo kuharakisha kusema kwamba macho peke yake ndiyo yaliyowarejesha. Samaki ana pua, ana sikio la ndani, ana mstari wa ubavuni unaohisi misukosuko ya maji. Yako pia mambo ambayo samaki hukumbuka bila alama yoyote. Yang na wenzake walionyesha mwaka 2022 kwamba lava wa danio aliyesukumwa na mkondo wa bandia, ulioigizwa kwa michirizi tu, hukumbuka kiasi alichosogezwa, na mkondo ukitulia huogelea kulipa umbali ule. Kumbukumbu hiyo hutunzwa katika shina la ubongo. Jicho limetoa hesabu ya mwendo, na hesabu imebaki baada ya mwendo kwisha. Kiswahili cha sokoni kina neno kwa tendo hilo: samaki amefidia. Wala hakuna haja ya kuunda jingine.

5.0 Mahali pa Kukusanyia

Utaratibu wa uundaji wa istilahi unaofundishwa vyuoni ni kwamba kwanza hutafutwa neno katika Kiswahili chenyewe na lahaja zake, kisha katika lugha za Kibantu, kisha katika lugha nyingine za Kiafrika, na mwisho katika lugha za kigeni. Kwa maneno ni utaratibu mzuri. Kwa vitendo hatua tatu za mwanzo hufanyika mezani, kamati ikiwa imezungukwa na kamusi, na hatua ya nne hufuata baada ya chai.

Inafaa kukumbuka kwamba sayansi ya kimataifa haikuona haya kuwaendea wavuvi. Istilahi 'mbuna' na 'utaka' zilitoka vinywani mwa wavuvi wa Ziwa Nyasa zikaingia katika majarida ya Ulaya na Marekani. Kutoka Ziwa Viktoria, mwaka 1998, Ole Seehausen na wenzake waliingiza katika orodha rasmi ya viumbe jina la jenasi Pundamilia, ambalo kila mtoto wa Kitanzania analifahamu bila kufasiriwa. Kuna kichekesho hapa, tena chenye madhara. Danio huitwa kwa Kiingereza kwa jina la mnyama huyo huyo mwenye milia. Mtafsiri akimwita 'samaki pundamilia', amemchanganya samaki wa maabara mwenye asili ya Bara Hindi na samaki wa Mwanza ambaye macho yake yamechunguzwa sana, na ambaye jina hilo ni lake kisheria. Kiswahili kitakuwa kimemnyang'anya samaki wake jina na kumpa mgeni, kwa kutii tafsiri.

Huko huko Mwanza ndiko kulikotolewa onyo kuhusu maji. Seehausen na wenzake walieleza mwaka 1997 jinsi maji ya Ziwa Viktoria yalivyochafuka, nuru ikapungua, na samaki wanaochagua wenzi kwa rangi wakashindwa kutofautishana. Jambo hilo lina uzito kwa Iringa. Bwawa la Mtera, mpakani mwa Iringa na Dodoma, hupokea maji ya Ruaha Mkuu yaliyobeba tope. Humo kambale hutumia sharubu zake kupapasa chini, na perege, ambaye hutegemea macho zaidi, huishi kwa kiasi mwanga unavyomruhusu. Mwalimu mtarajiwa anayesoma katika Chuo Kikuu Kishiriki cha Elimu Mkwawa, mjini Iringa, ana mahali pawili pa kulinganisha ambapo wenzake wengi duniani hawana: ziwa la Masoko, ambalo nuru yake hupungua kwa kina, na bwawa la Mtera, ambalo nuru yake hupungua kwa tope. Anachokosa ni maneno ya kuandikia zoezi.

Maneno hayo kwa sehemu yapo. Wavuvi wa Kyela huvua usipa usiku kwa taa. Taa huwashwa juu ya maji, usipa hukusanyika, wavu huinuliwa. Kila usiku njia za macho za maelfu ya samaki huchokozwa kwa makusudi, na mvuvi anayefanya kazi hiyo hana budi kujua mambo ambayo mtafiti hulipia vifaa ghali kuyajua: nuru ya kiasi gani huita na ya kiasi gani hufukuza, mbalamwezi huharibu nini, samaki huizunguka taa au huiendea moja kwa moja. Anayajua kwa lugha. Ana vitenzi vya kutofautisha samaki anayevutwa, anayeduwaa, anayestuka na anayetawanyika, na baadhi ya vitenzi hivyo huenda ni vya Kinyakyusa vilivyokwisha kuvaa viambishi vya Kiswahili katika mialo ya Itungi na Matema, ambako wavuvi wa lugha mbalimbali hufanya kazi pamoja.

Kazi ya namna hii haihitaji fedha nyingi. Wanafunzi wawili wa shahada ya uzamili, mmoja wa isimu na mmoja wa biolojia, wakipewa miezi mitatu, waanze Matema, wapitie Masoko, wamalizie Mtera. Wasiulize majina ya samaki, kwa maana majina yamekwisha kukusanywa mara nyingi na huishia kuwa orodha. Waulize samaki anafanya nini taa inapowashwa, anafanya nini maji yanapochafuka, na anajuaje kurudi alikotoka. Wayaandike majibu kwa sentensi nzima, kama yalivyosemwa, pamoja na kitenzi na viambishi vyake vyote. Orodha ya kwanza ya istilahi itakayopelekwa Baraza la Kiswahili la Taifa ianze na vitenzi hivyo, na nomino zinyambuliwe kutokana navyo. 'Tektumu', 'retina' na 'rodopsini' zitaingia bila ugomvi mwishoni mwa ukurasa.